Funguo za Kanisa Ziko kwa Nani? Barua ya Wazi kwa Maaskofu na Wazee wa Makanisa ya Kenya

Baba Maaskofu, mapadre, wachungaji na wazee wa kanisa,



Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linajulikana na kila mtu. Anayeabudu Nairobi, Nakuru, Eldoret au Mombasa analijua, na hulizungumza nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada, akitazama kwanza nani amesimama karibu. Makanisa yetu ya mijini yamejaa watu wa kila kabila, lakini mengi yanaongozwa kama mali ya kabila moja. Jumapili kwaya huimba kwa Kiluo, Kikamba, Kimeru na hata Kizulu, nasi sote tunasimama na kupiga makofi. Katikati ya wiki baraza la wazee likikutana, majina kwenye orodha ya mahudhurio ni ya upande mmoja wa nchi.

Mimi ni mwumini wa kawaida, mzaliwa wa Pwani niliyeolewa Magharibi na ninayeishi Nairobi. Nimeabudu katika madhehebu zaidi ya moja, kwa hiyo sina dhehebu ninalolitetea wala ninalolinyooshea kidole. Ninachowaomba ni hiki: mnapotaka kujua kama kanisa fulani ni la watu wote, muache kuhesabu lugha zinazoimbwa. Ulizeni nani ameshika mfuko, nani anapewa mimbari Jumapili ya sikukuu, na nani anaamua kiwanja kinunuliwe wapi.

Hali hii ina historia, na nadhani vijana wetu wengi hawajawahi kusimuliwa. Wamisionari waliigawana nchi. Wamethodisti walianza Ribe mwaka 1862, na mwaka 1912 wakafika Meru. Wapresbiteri wa Scotland walianza Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Thogoto mwaka 1898. Africa Inland Mission iliingia Ukambani mwaka 1895 kisha ikaelekea Bonde la Ufa. Wakweka kutoka Marekani walipiga kambi Kaimosi mwaka 1902. Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, wakaenea Nyanza Kusini na Kisii. Wakatoliki nao hawakuwa tofauti sana: Mapadre wa Roho Mtakatifu walishika Pwani, Wakonsolata wakaanzia Murang'a mwaka 1902, na Mill Hill wakafika Kisumu mwaka 1903.

Mwaka 1913 wawakilishi wa misheni za Kiprotestanti walikutana Thogoto kutafuta namna ya kufanya kazi pamoja. Mwishoni mwa mkutano walishiriki Meza ya Bwana pamoja, jambo lililomkasirisha Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, hata akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Ulaya ilibishana sana juu ya meza ile. Lakini jambo lililokuja kuyatawala maisha yetu sisi halikuzua ubishi wowote: kila misheni ikae katika eneo lake, isimwingilie mwenzake. Ushirikiano ule, uliotiwa saini mwaka 1918, ulituletea mambo mema. Shule ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926, ilitokana nao. Hata hivyo ulikata nchi vipande, na vipande hivyo vikafuata mipaka ya lugha. Ndiyo sababu hadi leo mtu akijitambulisha kuwa Mkweka tunamuuliza kama kwao ni Vihiga au Kakamega, na akisema yeye ni wa PCEA, kanisa la Wapresbiteri, tunaanza kubahatisha jina la kijiji chake huko Kiambu au Nyeri.

Hakuna Mkenya aliyekaa kwenye kikao kile kama mjumbe mwenye kura. Kwa hiyo lawama ya mwanzo si yetu. Lakini wale waliochora mipaka hiyo wamekwisha kuondoka, na uhuru una zaidi ya miaka sitini. Watu walipohama kutafuta kazi na mashamba, walilibeba kanisa la kwao kama mtu anavyobeba mbegu, wakaliotesha walipofika. Katika sehemu za Bonde la Ufa kibao cha kanisa kilitosha kumwambia mpita njia ni watu wa wapi waliolima upande ule. Kibao hicho kilipogeuka kuwa alama ya kuwatambua watu wa kufukuzwa, mwaka 1992 na tena mwaka 2008, tulishangaa. Hatukuwa na haki ya kushangaa.

Na haikuwa lazima iwe hivi. Jamii za kwanza za Wakristo wa Kiafrika katika nchi hii hazikuwa za kabila moja hata kidogo. Mwaka 1873 Sultan Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na miaka miwili baadaye Church Missionary Society ikaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali pa kuwapokea watu waliookolewa kutoka majahazini. Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi walijikuta kijiji kimoja, wakiwa hawana ukoo wa kuwatetea wala mzee wa kuwasemea. Kengele yao ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake. Walikuwa wakisali kwa Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine iliyowakusanya wote.

Hadithi ya Rabai hunigusa zaidi. Krapf na Rebmann walijenga kituo hapo mwaka 1846, na kwa miaka mingi waongofu wao walihesabika kwa vidole. Kanisa la Rabai lilikua kwa kweli walipofika walimu Waafrika waliolelewa India, wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Mmoja wao, William Jones, alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa kule Nasik. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa yeye na mwenzake Ishmael Semler daraja la ushemasi. Miezi michache baadaye Hannington aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha Pwani waliosalia wa msafara ule. Huko Rabai watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani walikuwa wakiingia usiku na mchana, na Jones aliwapokea. Mabwana zao walipokuja kuwadai, mambo nusura yawe vita, mpaka tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa misheni za Pwani, wengi wao wa Rabai, wakapewa hati za uhuru baada ya mabwana hao kulipwa fidia.

Hebu tafakarini kanisa lile. Mhubiri ni Myao aliyekulia India. Waumini ni Wamijikenda wenyeji wa mji, watoro kutoka Malindi na Takaungu, na watu waliozaliwa kandokando ya Ziwa Nyasa. Wengi hawakuweza hata kuzungumza na wenzao kwa lugha ya mama. Sisemi palikuwa peponi. Huko Freretown, mwanzoni mwa miaka ya 1880, msimamizi Mzungu alichunguzwa kwa kuwachapa watu viboko, na wenyeji waliwadharau wageni wale kwa kukosa ukoo. Hata hivyo uongozi wa ushirika ulikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakuwa na ukoo katika nchi ile, na watu walimfuata. Hilo tuliliweza hata kabla ya reli kufika Nairobi.

Kisha ikaja Nairobi yenyewe, na mji ukapangwa kwa rangi. Kanisa la Watakatifu Wote, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, lilijengwa kwa ajili ya walowezi na maafisa wa Kizungu. Waanglikana Waafrika walisali kwao Pumwani. Wagoa walikuwa na kanisa lao Parklands. Wapresbiteri Wazungu walikuwa na baraza lao tofauti na la Waafrika, na mabaraza hayo hayakuunganishwa hadi mwaka 1956. Wazee wetu waliishi na fedheha hiyo na waliijua kwa jina lake. Hakuna aliyekubali maelezo kwamba Wazungu walikaa peke yao kwa sababu ya lugha tu, au kwa sababu kila mtu hupenda kuabudu kwa namna aliyoizoea. Basi iweje maelezo yale yale tuyakubali sasa tunapoyatoa sisi?

Wako waliouvunja utengano huo, na hawakuwa viongozi wakubwa. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi walikaa kusoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo, na kutoka hospitali ya Gahini nchini Rwanda, Uamsho ulienea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Mama zetu walioimba Tukutendereza hawakujua Kiganda, lakini waliuimba wimbo huo Taita, Murang'a na Maseno. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi ambayo leo tunaihitaji kuliko kwaya za lugha nyingi: walitubu dhambi zao mbele ya wenzao, na Mwafrika aliweza kumwambia mmisionari usoni kwamba kiburi chake cha rangi ni dhambi, naye mmisionari akatubu mbele ya watu aliozoea kuwaamrisha. Wakati wa Mau Mau baadhi yao walikataa kiapo, wakakataa pia kushika bunduki za serikali, na wengine waliuawa.

Lakini lazima niseme na hili, hata kama linauma. Gahini iko Rwanda. Mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, na kati ya wauaji walikuwamo waliobatizwa na kushiriki meza moja na waliowaua. Mauaji hayo yalipokuwa yakiendelea, maaskofu Wakatoliki wa Afrika walikuwa Roma kwenye Sinodi iliyofunguliwa tarehe 10 Aprili, na wenzao wa Rwanda hawakuweza kufika. Katika Sinodi hiyo Askofu Albert Obiefuna wa Nigeria alisema waziwazi kwamba kwa Wakristo wengi wa bara hili damu ya ukoo ina nguvu kuliko maji ya ubatizo. Uamsho uliwageuza watu mioyo, na nauheshimu kwa hilo. Haukugeuza namna shule, vyeo na fedha za kanisa vilivyogawiwa, na serikali ya kikoloni na baadhi ya wamisionari walikuwa wamekwisha kuvigawa kwa kabila. Moyo uliogeuka ndani ya mpangilio usiogeuka ulishindwa pale pale ulipozaliwa.

Nasi tulionja. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kujificha, wengi wao wanawake na watoto Wakikuyu. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika machafuko yale ya baada ya uchaguzi. Mwezi Februari mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa sababu hiyo walishindwa kuikemea nchi. Nilisoma ungamo lile kwa shukrani. Nimesubiri tangu wakati huo kuona ni nini kimebadilishwa katika mabaraza yetu kwa sababu yake.

Siku zile zile za Kiambaa, umbali mfupi kutoka hapo, Askofu Cornelius Korir, Mkalenjin, alifungua milango ya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret. Maelfu ya watu walilala uwanjani mwake, wengi wao wa jamii iliyokuwa ikiwindwa na vijana wa jamii yake mwenyewe. Kabla yake, huko Nakuru, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki alikuwa amewatetea waliofukuzwa mashambani miaka ya tisini, wakati serikali ilipokuwa ikiyumba na kutafuta wa kulaumiwa. Ndingi alikuwa Mkamba, mchungaji katika nchi isiyo ya kwao, na yeyote aliyemwambia aseme kama mtu wa kabila fulani hakuwa na pa kumshika. Ndiyo faida ya kumweka mtu mahali ambapo si mtoto wa nyumbani. Korir naye alikuwa mtoto wa nyumbani, na alilipa gharama ya kusema na watu wake ukweli. Tunawahitaji wa aina zote mbili. Tulio nao wengi ni wa aina ya tatu.

Sasa niwaombe tusome pamoja sura ya sita ya Matendo ya Mitume, maana nadhani tunaisoma haraka mno. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na umri mdogo sana lilipoanza kunung'unika. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Wajane wa wenyeji walikuwa wakipata. Mitume hawakuunda ibada ya pili kwa ajili ya wale wa Kiyunani. Hawakuhubiri juu ya umoja kisha wakaondoka. Waliitisha mkutano wa waumini wote na kuomba wachaguliwe watu saba wa kusimamia meza. Yatazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na huyo wa mwisho hakuzaliwa Myahudi hata kidogo, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Walio wengi walikabidhi ghala kwa walio wachache, tena kwa wale wale waliolalamika, na wakawaamini kuwalisha hata wajane wa wenyeji.

Sijawahi kusikia mahubiri juu ya majina hayo saba. Nimesikia mengi juu ya kifo cha Stefano.

Wajane wa Kiyunani tunao. Katika ushirika mmoja wa Nairobi nilioabudu humo kwa miaka mingi, mzee wa kanisa akifiwa, kamati ya matanga hukutana usiku ule ule, basi la kwenda mashambani hupatikana, na bahasha huzunguka kila safu. Alipofiwa na mama yake mfanyakazi mmoja wa nyumbani, msichana Mturkana aliyefagia kanisa lile kila Jumamosi bila malipo, alitajwa katika maombi ya jumla, kwa jina lililokosewa. Hakuna aliyemchukia. Hakukuwa na mtu wa kwao kwenye kamati, basi. Kamati yenyewe ilikuwa imezoea kumalizia vikao vyake kwa lugha ya mama ya walio wengi, na wajumbe wawili wasioijua walikuwa wakinyamaza hadi maombi ya kufunga.

Najua mtakachonijibu kuhusu lugha, nami nakubali sehemu yake. Bibi aliyejifunza kusali kwa Kikamba ana haki ya kuzikwa kwa Kikamba. Biblia za lugha zetu ni hazina, na watu walitoa maisha yao kuzitafsiri. Nisingependa kuona ibada ya lugha ya mama ikifutwa Machakos, Bondo au Kapsabet. Hoja yangu ni ya mijini, na ni ya vikao zaidi kuliko ibada. Mahali ambapo ushirika una watu wa makabila kumi, kikao kinachogeukia lugha ya kabila moja kinayatoa tisa nje bila kuyafungulia mlango.

Hata Kiswahili na Kiingereza tumevitumia kutenganisha. Katika makanisa mengi ya Nairobi ibada ya Kiswahili ni ya alfajiri, ya walinzi, mama mboga, wafanyakazi wa nyumbani na wazee. Ile ya Kiingereza ni ya saa nne, ya wenye magari. Mhubiri mgeni huwekwa ibada ya Kiingereza. Mwanafunzi wa theolojia hupewa ya Kiswahili ajifunzie. Na Wakongo na Wasudani Kusini, wakimbizi waliokuja na imani yao na nyimbo zao, hukodishiwa ukumbi alasiri sisi tukishaondoka. Wao ni Wakristo wenzetu, Wakongo hao wengi wanasema Kiswahili kama sisi, lakini uhusiano wetu nao unaishia kwenye risiti ya kodi ya ukumbi.

Kwa wanaoona haya kuwa madogo, kuna mfano wa Afrika Kusini. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kiholanzi la Kirekebisho kule Rasi ililetewa swali la Wazungu wasiotaka kushiriki Meza ya Bwana na watu weusi. Sinodi ilikiri kwamba Maandiko yanataka wote washiriki pamoja. Kisha, kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya watu, ikaruhusu watenganishwe. Ruhusa hiyo ndogo, ya huruma, isiyodai kuwa fundisho, ilizaa kanisa tofauti kwa watu wa rangi mchanganyiko mwaka 1881, na baadaye mengine. Karne ya ishirini ilipofika, wanatheolojia wa kanisa hilo walikuwa wakiitetea serikali ya ubaguzi kwa Biblia. Ilibidi lile lile kanisa lililotengwa, mwaka 1982, liandike Ungamo la Belhar na kutangaza kwamba fundisho linalohalalisha kuwatenga watu kwa sababu ya mbari au rangi linapingana na injili yenyewe. Ungamo hilo lilipitishwa mwaka 1986. Mwaka 1994 makanisa mawili yaliyotengwa yaliungana. Lile la Wazungu hadi leo halijaungana nao.

Nauliza, Baba Maaskofu: ni mangapi katika makanisa yetu tumeyaruhusu kwa ajili ya udhaifu wa baadhi?

Uchaguzi wa maaskofu ni mojawapo, nami sitauzunguka. Dayosisi zimegawanywa mara kwa mara, na sababu inayotolewa ni kuusogeza uchungaji karibu na watu. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine kila mtu anajua kwamba ukoo fulani umechoka kusubiri zamu yake. Kisha kampeni huanza, wanasiasa huingia na magari, na kasisi aliyetumika mahali miaka ishirini huambiwa arudi kwao akaombe kura. Nigeria imetuonyesha mwisho wa njia hiyo. Kule katika dayosisi ya Ahiara mapadre na waumini walimkataa Askofu Peter Okpaleke tangu mwaka 2012 kwa sababu hakuwa wa Mbaise, eneo lao, ingawa alikuwa Muigbo kama wao na Mkatoliki kama wao. Papa Francis aliwadai mapadre waandike barua za kuomba radhi, mmoja mmoja. Hata hivyo Okpaleke alijiuzulu mwaka 2018 bila kuwahi kukaa kwenye kiti chake. Papa alimfanya kardinali mwaka 2022, lakini Ahiara ilikuwa imekwisha kupata ilichotaka.

Kwa hiyo ninaomba mambo yanayoweza kufanyika bila fedha za wafadhili na bila warsha hotelini. Kila dayosisi, jimbo na presbiteri itangaze kila mwaka, kwa orodha ambayo mwumini yeyote anaweza kuisoma, kasisi wake wangapi wanatumika nje ya eneo walikozaliwa. Isiwe aibu kwa mtu mmoja mmoja, iwe kioo chetu sote. Asichaguliwe askofu wala msimamizi wa presbiteri ambaye hajawahi kuchunga watu wa lugha nyingine kwa miaka ya kutosha kuijifunza. Wamisionari walijifunza Kigiriama na Kidholuo kwa taa ya mafuta, na kasisi wetu mwenye simu mfukoni anaweza kujifunza Kiturkana.

Katika kila ushirika wa mjini, nafasi ya mwekahazina au ya mwenyekiti wa kamati ya misaada ishikwe na mtu asiyetoka kwa walio wengi. Naitaja nafasi hiyo makusudi, kwa sababu ndiyo waliyoitaja mitume. Nimekwisha kusikia kwamba wachache hawana uzoefu. Wale saba walikuwa na uzoefu gani wa ghala la Yerusalemu? Vikao vyote vifanywe kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili. Wakongo na Wasudani Kusini wanaokodi kumbi zetu waalikwe kutuma wajumbe kwenye mabaraza yetu, na mchungaji wao apande mimbari yetu asubuhi, kwenye ibada ya saa nne.

Na kuna suala la muda. Uchaguzi mkuu ni mwaka 2027. Mwezi Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alisema wanasiasa wanakaribishwa kukaa kwenye viti na waumini, lakini mimbari ni ya kuhubiria. Tulifurahi, kisha wengi wenu mkalegeza. Safari hii msisubiri nchi iwake ndipo mtoe tamko la pamoja mbele ya kamera. Badilishaneni mimbari sasa. Askofu wa Nyeri ahubiri Siaya, wa Siaya ahubiri Kericho, wa Kericho aende Murang'a, na wasiende kwa siku moja ya picha. Wakae majuma kadhaa, wale wanachokula wenyeji, wasikilize wanachosema wajane. Korir alipozipatanisha jamii za North Rift alianza na vikao vya watu wachache, na kula pamoja kulikuwa sehemu ya njia yake. Aliandika kijitabu juu ya kazi hiyo, akakiita Amani Mashinani. Alifariki mwaka 2017, lakini kijitabu kipo, na kila mmoja wenu anaweza kukipata.

Wazee wa kanisa, kwenu nina neno la mwisho, maana maaskofu hukaa mbali na ninyi mko nasi kila wiki. Mabaraza mengi yatachaguliwa upya kabla ya 2027. Siku ya uchaguzi ikifika, kabla hamjapendekeza jina la kwanza, ulizeni kwa sauti ni nani katika ushirika huu hajawahi kuwa na mtu wa kwao mezani. Muiteni, mpeni funguo za mfuko, na mkae chini mumsikilize akisoma hesabu.

Wenu katika Kristo,
Mwumini, Nairobi